Suter, Weber na Klein: Nani Alikuwa Beki Hasa?

Kwanza niwape pole wale waliofungua hapa wakitafuta Simba na Yanga. Leo sina. Leo nataka tubishane kuhusu mabeki watatu wa mchezo ambao wengi wetu hatujawahi hata kuusogelea: mpira wa magongo wa barafuni, ule wa wanaume wenye viatu vya chuma na meno pungufu. Najua wapo watakaosema "ndugu yangu mwandishi, sisi na barafu wapi na wapi?" Haya, nendeni Nairobi mkawaulize Ice Lions. Mwaka 2018 vijana wale walisafiri hadi Kanada, na siku ya mechi wakavaa jezi moja na Sidney Crosby. Kwa hiyo mchezo huu haujakaa mbali kihivyo.

Kilichonifanya niandike ni ubishi mmoja ambao kila nikikutana na watu wanaofuatilia mchezo huu hauishi. Timu ni Nashville Predators ya pale Tennessee, Marekani. Mabeki ni Ryan Suter, Shea Weber na Kevin Klein. Wote watatu walichukuliwa na timu hiyo mwaka 2003, wote wakiwa watoto, na kwa miaka kadhaa majina yao yalikaa kwenye orodha moja ya mabeki: nani namba moja, nani namba mbili, nani asubiri. Ukimwuliza mtu leo nani alikuwa bora, atakujibu Weber kabla hujamaliza swali. Weber aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo mwaka 2024, mjadala umefungwa. Mimi nasema haujafungwa. Nasema hivi: enzi zile walipokuwa vijana, beki wa kwanza alikuwa Suter, na Klein alikuwa karibu nao kuliko orodha ilivyoonyesha.

Kabla hamjanirushia mawe, nieleze kidogo mchezo wenyewe kwa wale wageni. Barafuni kila timu inakuwa na watu sita: kipa mmoja, mabeki wawili, washambuliaji watatu. Mechi ni dakika 60, vipande vitatu vya dakika 20. Hakuna anayeweza kucheza dakika zote, maana kule mtu anakimbia kama mwizi aliyeonwa, hivyo baada ya sekunde arobaini na kitu anatoka anaingia mwingine, na mpira wenyewe (ni kisahani kigumu cha raba) unaendelea kuchezwa. Mabeki wanaovaa jezi siku ya mechi huwa sita, jozi tatu. Jozi ya kwanza ndiyo inayokabidhiwa washambuliaji hatari wa mpinzani, jozi ya tatu inapewa makombo. Wengine wote wako timu ndogo wakisubiri simu. Kwa Nashville timu ndogo ni Milwaukee Admirals, na Milwaukee ni mbali kuliko ramani inavyosema kama wewe ndiye uliyerudishwa huko.

Sasa jambo la pili, na hili lishikeni maana ndipo hoja yangu ilipo. Gongo linashikwa kwa mkono fulani. Kuna wanaopigia kushoto na wanaopigia kulia. Beki anayepigia kushoto hukaa kushoto, kwa sababu ubapa wa gongo lake unakuwa upande wa ukuta wa uwanja, na kisahani kikija kinateleza ukutani anakipokea bila kujigeuza. Anayepigia kulia naye hukaa kulia. Kwa lugha ya mpira wetu, Suter alikuwa namba tatu, Weber na Klein walikuwa namba mbili. Halafu watu wanawalinganisha kama vile wote walikuwa wanagombea kiti kimoja! Hivi kuna mtu amewahi kumlinganisha namba mbili na namba tatu kwa kuhesabu mabao? Wapo. Ndio hao ninaobishana nao.

Turudi 2003. Kule vijana hawasajiliwi kwa kuvutana mashati kama huku. Vilabu vinapewa zamu, kila klabu inaita jina, na kijana hana la kusema. Mwaka ule shughuli ilifanyika Nashville kwenyewe, ndani ya uwanja wa Predators, mbele ya mashabiki wao. Meneja mkuu David Poile alipofikiwa na zamu ya 7 akaita Suter, na huyo akawa beki wa kwanza kuitwa katika kundi zima la mwaka ule. Zamu ya 37 akaita Klein. Zamu ya 49 akaita Weber. Kwa hiyo kwenye karatasi mpangilio ulikuwa Suter, Klein, Weber.

Suter hakuwa mgeni wa mtu. Baba yake, Bob Suter, alikuwa kwenye kile kikosi cha Marekani kilichowashangaza Wasovieti katika Olimpiki ya 1980. Baba yake mdogo, Gary Suter, alicheza miaka mingi kwenye ligi kuu ya NHL, naye akiwa beki. Mtoto huyu amekulia Madison, Wisconsin, akasoma msimu mmoja chuo kikuu cha hapo hapo, ndipo akaenda kazini. Weber yeye anatoka Sicamous, kijiji kimoja cha British Columbia, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao. Alipokuwa mdogo zaidi, vilabu vya vijana vya magharibi mwa Kanada vilipofanya uteuzi wao hakuna aliyemwita. Kelowna Rockets ndio waliomwokota baadaye, na akachukua nao kombe la vijana la Kanada mwaka 2004. Klein ni wa Ontario, katoto ka mjini, hakuna hadithi kubwa ya ukoo wala ya kijiji.

Unaona tayari hadithi inavyojipanga yenyewe? Mtoto wa mkubwa dhidi ya mtoto wa fundi mbao. Sisi waandishi tunaipenda sana hii. Namba 49 aliyempita namba 7! Ni tamu kuandika, na ndiyo maana imeandikwa mara elfu. Lakini hadithi tamu si kipimo. Kuna kitu kidogo watu hawakitazami: tarehe za kuzaliwa. Klein alizaliwa Desemba 1984, Suter Januari 1985, Weber Agosti 1985. Siku ile ya uteuzi Weber alikuwa na miaka 17, wenzake 18. Miezi minane kwa mtu mzima ni upuuzi, lakini kwa kijana ambaye mwili bado unajijenga ni nusu ya maisha yake ya mchezo. Waliomwita wa 49 walikuwa wanapima nyumba iliyofika kwenye linta. Hawakukosea vipimo, ila nyumba haikuwa imeisha.

Msimu wa 2004–05 ligi kuu haikuchezwa kabisa, matajiri na wachezaji waligombana kuhusu mishahara. Suter na Klein wakawa Milwaukee pamoja. Weber akabaki Kelowna na vijana wenzake. Ligi iliporudi, Suter akaingia moja kwa moja kikosi cha wakubwa. Weber akaanzia Milwaukee na kupandishwa katikati ya safari. Klein akabaki kule chini.

Tazama sasa hesabu za misimu mitatu ya kwanza, yaani kufikia mwaka 2008. Suter alikuwa ameshacheza mechi 229 za ligi kuu. Weber 161, na msimu wa tatu ulimtafuna kwa majeraha. Klein alikuwa na mechi 18. Kumi na nane! Mbili msimu wa kwanza, tatu msimu wa pili, kumi na tatu msimu wa tatu. Kijana wa miaka 23, aliyeitwa kabla ya Weber, anapanda basi la Milwaukee mwaka wa nne. Wangapi wangeshakata tamaa? Kwa wakati huo mtu yeyote aliyechora orodha ya mabeki wa Nashville alimweka Suter na Weber juu, Dan Hamhuis (aliyeitwa wa 12 mwaka 2001) akiwa nao pale pale juu, na Klein chini kabisa akiwa na alama ya kuuliza pembeni.

Na hapa ndipo ninapoanza kumtetea Klein, kwa sababu orodha za namna hii zina ugonjwa mmoja. Zinahesabu aliyekwishapewa nafasi na kumwita bora, halafu ubora huo unakuwa sababu ya kumpa nafasi tena. Klein alipigia kulia, na kulia kulikuwa na Weber. Angekuwa anapigia kushoto sijui… hapana, kushoto kulikuwa na Suter na Hamhuis, hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini mnanielewa. Kukwama kwake hakukutokana na miguu wala akili yake tu, kulitokana na nani alikuwa amekalia kiti. Kocha Barry Trotz hakuwa mtu wa kukimbiza vijana, na Poile hakuwa na fedha za kuchezea. Klabu ile mwaka 2007 ilikuwa inauzwa, kukawa na hofu kubwa kwamba itahamishwa mji, na nahodha Kimmo Timonen, beki mkongwe aliyekuwa akiongoza safu, akapelekwa Philadelphia. Watu wanasahau kwamba Suter na Weber walikabidhiwa safu ya ulinzi wakiwa na miaka 22 kwa sababu mkongwe alikuwa ameondoka na pesa hazikuwepo za kumleta mwingine.

Msimu wa 2008–09 Klein akapata mechi 63. Iliyofuata 81, iliyofuata tena 81. Mara nyingi alisimama na Hamhuis, jozi ya pili, wakipewa kazi ya kuzima moto. Hakuna aliyenunua jezi yake. Hakuna kombora lake lililotoboa kitu. Ila kocha alipohitaji mtu wa kuingia wakati timu imebaki na watu pungufu kwa sababu mmoja anatumikia adhabu, jina lake liliitwa. Nani anapanga kipimo cha hilo?

Kombora lililotoboa kitu lilikuwa la Weber, na sitawanyima uhondo. Olimpiki ya Vancouver 2010, Kanada na Ujerumani. Weber akaachia shuti, mchezo ukaendelea, watu wakatazamana. Waamuzi wakarudia picha ndipo wakaona kisahani kilipita ndani ya lango kikatoboa wavu kikatokea upande wa pili. Kanada wakashinda 8–2. Mwaka 2015 kwenye mashindano ya mashuti ya mastaa wa ligi alipiga shuti la maili 108.5 kwa saa, yaani karibu kilomita 175. Hebu fikiria basi la mikoani likiwa kwenye mwendo ambao trafiki hawezi kuusamehe, ongeza nusu yake tena, halafu uambiwe simama mbele yake uzuie kwa goti. Kuna watu walikuwa wanalipwa kufanya hivyo.

Sasa niambieni, nani ataangalia kitu kingine uwanjani mtu wa namna hiyo akiwepo? Msimu wa 2006–07, akiwa na miaka 21, alifunga mabao 17. Msimu wa 2008–09 akafunga 23. Kwa beki hayo ni mengi mno. Na Suter alikuwa anafunga saba, nane. Basi orodha ikajiandika: Weber kwanza, Suter wa pili. Mwaka 2010 Weber akapewa unahodha, na mwaka 2011 na 2012 akashika nafasi ya pili katika tuzo ya Norris, ile ya beki bora wa ligi. Suter akawa "yule mwenzake".

Mimi nilichukua tabia moja ninayowashauri muijaribu mkipata kanda za mechi za zamani. Usiangalie kisahani. Mwangalie Suter peke yake dakika nzima. Utachoka, maana hafanyi chochote! Anateleza taratibu, kichwa kiko juu, anaonekana kama mtu anayesubiri daladala. Mshambuliaji anakuja mbio, Suter hamkimbilii, anamsogeza tu pembeni, pembeni, mpaka jamaa anajikuta hana pa kwenda isipokuwa ukutani. Kisha pasi fupi, mita tano, kumi, imekaa kwenye gongo la mwenzake. Sekunde mbili. Hatari imeisha na huna cha kuonyesha kwenye taarifa ya habari ya usiku. Weber alipokuwa anapanda mbele kwenda kuachia yale makombora, nani unadhani alikuwa amebaki nyuma anahesabu washambuliaji?

Kwa hiyo nikisema Suter alikuwa beki wa kwanza, simaanishi Weber alikuwa wa kubebwa. Weber alikuwa ukuta, washambuliaji walikwepa upande wake. Ninachosema ni kwamba kazi ya beki, ile kazi yenyewe, ya kukitoa kisahani eneo la hatari na kutokosea mara thelathini mfululizo, Suter aliifanya vizuri zaidi akiwa mdogo, na ndiyo maana alikuwa tayari mapema. Poile aliyemwita wa 7 aliona hicho. Mpangilio wa 2003, kwa hao wawili, haukuwa wa kuchekesha kama hadithi ya namba 49 inavyotaka tuamini.

Kisha ukaja mwaka 2012, mwaka ambao ubishi wetu uligeuka kuwa noti. Timu ilikuwa imeanza kunoga. Mwaka 2011 ilishinda raundi ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu ianze kucheza 1998, ikiwatoa Anaheim, kabla ya kutolewa na Vancouver ambako Hamhuis alikuwa amehamia. Mwaka 2012 ikawatoa Detroit, ikatolewa na Phoenix. Mkataba wa Suter ukaisha, akawa huru. Tarehe 4 Julai akasaini na Minnesota Wild: miaka 13, dola milioni 98. Na tajiri wa Minnesota ni nani? Craig Leipold, yule yule aliyekuwa tajiri wa Nashville na kuiuza 2007! Dunia duara.

Wiki mbili hazijaisha vizuri, Philadelphia wakamwekea Weber mezani mkataba wa miaka 14, dola milioni 110. Sheria ya kule iliipa Nashville siku saba: ulipe vile vile ubaki naye, au umwachie upokee fidia ya zamu za uteuzi. Kwa klabu iliyokuwa karibu kuhamishwa mji miaka mitano nyuma, zile zilikuwa pesa za kutisha, na sehemu kubwa ilitakiwa kutolewa mapema. Wakalipa. Mimi nadhani hawakuwa na njia nyingine. Ungewaambia nini mashabiki ukiwapoteza wote wawili ndani ya mwezi mmoja? Lakini tuseme ukweli, hakuna aliyewaita waseme "tunachagua Weber badala ya Suter". Suter aliondoka mwenyewe, Weber akabaki kwa sababu sheria iliruhusu abakizwe. Watu waliokuja baadaye wakaandika kana kwamba klabu ilipima ikaamua. Haikupima. Iliokoa kilichookoleka.

Mwaka uliofuata, ule msimu uliofupishwa hadi mechi 48, Nashville hawakufika mtoano. Msimu wa 2013–14 hawakufika tena. Minnesota, ambao hawakuwa wameuona mtoano tangu 2008, wakaingia, na wakaendelea kuingia mwaka hadi mwaka. Suter akashika nafasi ya pili ya Norris mwaka 2013 bila Weber pembeni yake, na msimu wa 2013–14 alicheza wastani wa zaidi ya dakika 29 kwa mechi. Dakika 29 kati ya 60, kwa mchezo ambao watu wanatoka wakihema baada ya sekunde arobaini na kitu.

Najua mtakachosema, na ni haki yenu. Minnesota hawakumchukua Suter peke yake, siku ile ile walimchukua na Zach Parise, mshambuliaji mkubwa. Nashville nao 2013–14 walimkosa kipa wao Pekka Rinne kwa miezi mingi, alipata maambukizi kwenye nyonga. Kweli kabisa. Na hoja yenu kubwa zaidi ni Roman Josi. Kijana wa Bern, Uswisi, aliitwa wa 38 mwaka 2008, akawekwa kushoto kwa Weber baada ya Suter kuondoka, na Weber msimu wa 2013–14 akafunga mabao 23 tena. Kwa hiyo mnasema: Weber hakumhitaji Suter, mpe Weber kijana yeyote wa kushoto atang'aa.

Hii ndiyo hoja pekee inayonikosesha usingizi. Jibu langu ni hili: Josi si kijana yeyote. Weber alihamishiwa Montreal mwaka 2016, akaja P.K. Subban, na Josi hakushuka, alipanda. Mwaka 2020 akabeba ile Norris ambayo Weber na Suter waliikosa. Tukifuata mantiki yenu, basi wale waliosimama kushoto kwa Weber, wote wawili, waliachana naye wakazidi kuwa wakubwa. Mtu ambaye wenzake wanabaki imara bila yeye huwezi kusema ndiye aliyekuwa anawatengeneza. Na mimi nami siwezi kusema Suter ndiye aliyemtengeneza Weber. Walikuwa watu wazima wawili wenye kazi mbili.

Kuna jambo moja la nyongeza kuhusu Nashville ile. Fainali pekee waliyofika, 2017 dhidi ya Pittsburgh, walifika bila Suter, bila Weber, bila Klein. Safu ilikuwa Josi, Ellis, Ekholm na Subban. Mattias Ekholm aliitwa wa 102! Na Seth Jones, aliyeitwa wa 4 mwaka 2013 na ambaye kila orodha ya vijana ilimweka juu ya wote, alikuwa ameshabadilishwa mapema 2016 kwa mshambuliaji Ryan Johansen. Sina maana kwamba Jones alikuwa mbovu. Maana yangu ni kwamba kulia kulikuwa kumejaa na katikati ya ushambuliaji kulikuwa kutupu. Yale yale yaliyompata Klein, ila safari hii kijana alikuwa na bei, hivyo hakupanda basi la Milwaukee, alipanda ndege.

Sisi waandishi wa michezo huku nyumbani tuna ugonjwa ule ule. Kijana wa miaka 19 akicheza mechi mbili nzuri tunampa jina la mchezaji wa Ulaya, akikaa benchi mechi tatu tunaandika ameisha. Hatuulizi nani amekalia namba yake. Tunaandika orodha, tunalala.

Weber miguu na goti vilimgomea baada ya fainali ya 2021 akiwa na Montreal, hakucheza tena. Mabao 224 kwa jumla, heshima yake. Suter alivunjiwa mkataba na Minnesota mwaka huo huo wa 2021, akahamia Dallas, akaendelea kuteleza taratibu kama anasubiri daladala, na amevuka mechi 1,400 za ligi kuu. Hakuna kati yao aliyewahi kubeba Kombe la Stanley.

Na Klein? Januari 2014 alibadilishwa kwenda New York Rangers kwa kijana Michael Del Zotto. Miezi michache baadaye yuko fainali, ingawa Los Angeles waliwafunga. Desemba ile ya 2014 wakicheza na Pittsburgh, gongo la mpinzani lilimkata sehemu ya sikio. Akaenda ndani, wakamshona, akarudi barafuni. Mechi ikaingia muda wa ziada. Aliyefunga bao la ushindi ni Kevin Klein. Alimaliza na mechi 627 za ligi kuu, yule wa mechi 18.

Kwa hiyo orodha yangu ya vijana wa Nashville, wakiwa na miaka 23 kila mmoja, ni Suter, Weber, kisha Hamhuis na Klein nikiwaweka bega kwa bega. Anayetaka kumtoa Klein aje na sababu. Anayetaka kumpandisha Weber naye aje, mlango uko wazi, ila asije na lile shuti la Vancouver. Hilo nimeshalitaja mwenyewe.